Bi Futi wa Nafasi ya Kumi na Saba

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijasema lolote, nawaomba kitu kimoja. Msijirekebishe. Kaeni hivyohivyo mlivyokaa. Sasa kila mmoja atazame bega lake la kushoto. Liko sawa na la kulia? Kama limepanda, nani alilipandisha, na lini? Mimi nimejitazama kwenye kioo cha studio hii, nikakuta shingo yangu imelalia upande wa maikrofoni. Sikumbuki ilianza lini kulala hivyo.

Mama tunayemkumbuka leo alikuwa na macho ya kuona mambo haya. Amefariki Jumanne iliyopita, asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini na moja. Kiwandani walimwita Bi Futi, kwa sababu futi ya kupimia nguo haikutoka shingoni mwake. Wenzake walivaa mikufu, yeye alivaa futi. Kazi yake ilikuwa kushona kola za mashati, na hakuwa mshonaji wa kubahatisha.

"Kola ya dada yangu," anasema mdogo wake, "ukiivaa unajikuta umesimama wima bila kuambiwa na mtu."

Huyo mdogo wake ndiye aliyetusimulia mengi mtakayoyasikia. Alikuwa kitinda mimba kwao, na mpaka leo, pamoja na miaka yake arobaini na sita, ndugu wanamwita Kitinda. Bi Futi ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Mshikeni sana huyu Kitinda, maana habari yote ya leo inamhusu yeye.

Tuingie kiwandani. Turudi nyuma miaka ishirini na minne. Ni ukumbi mrefu, madirisha yako juu, cherehani zimepangwa safu nne, na kila cherehani ina namba yake. Sakafuni umechorwa mstari wa njano. Upande huu ni njia ya watu, upande ule ni sehemu ya kazi. Na sheria ilikuwa moja: hakuna kitu kinachovuka mstari. Si kiti, si ndoo, si mguu wa meza.

Nafasi ya kumi na saba ilikuwa karibu na kona. Hapo, wasikilizaji, mstari ulipinda. Ulikuja umenyooka vizuri, ukifika kumi na saba unaingia ndani, unazunguka kitu, kisha unatoka na kuendelea na safari yake. Unazunguka kitu gani? Hakuna. Sakafu tupu. Narudia, sakafu tupu, saruji inang'aa, hakuna hata msumari. Lakini kwa sababu ya kupinda huko, rafu ya mafurushi ya kola, ambayo wengine walikuwa nayo pembeni, mkono wa kushoto, kwa mtu wa kumi na saba ilisukumwa ikakaa nyuma ya kiti. Akimaliza furushi moja anapeleka mkono nyuma, anachukua jingine. Hageuki, maana cherehani haimsubiri. Mara mia mbili na ushee kwa siku.

Wa kwanza kukaa pale alikuwa Mama Pacha, mwanamke mfupi, mnene kidogo, mama wa watoto pacha. Alikaa miaka minne, bega la kushoto likafa ganzi. Akafuata mmoja waliyemwita Kicheko. Miaka mitatu, bega la kushoto. Akafuata Mrefu, na jina linajieleza. Miaka miwili, bega lilelile. Wa nne ni Bi Futi mwenyewe.

Watu walisema nini? Walisema kiti kina wenyewe. Kila mshonaji alipoondoka na bega lake, kiti kilibebwa stoo na kikaletwa kipya. Kiti kipya kikaliwa, bega likafa, nacho kikabebwa. Stoo vikafika viti vitatu, kisha vinne, na vyote, mtu akivitazama vizuri, vilikuwa vimelegea mguu uleule. Mtunza stoo alivigeuza vikaangalia ukuta. Alipoulizwa sababu akajibu, "Sikupenda vinitazame nikiwa nakula."

Bi Futi naye aliamini. Nisimpake mafuta kwa kuwa amefariki, aliamini kama wenzake. Mwaka wa pili mkono wake ulipokataa kupanda juu ya kifua, msimamizi alimwondoa na kumpeleka meza ya ukaguzi wa mashati. Kiti cha nne kikaenda stoo. Jumatatu iliyofuata msimamizi akatangaza nani atakaa kumi na saba. Kitinda. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, ana miezi mitano tu kazini, mkono mwepesi kama wa dada yake.

"Dada alifurahi," Kitinda anakumbuka. "Alikiangalia kiti kipya, akakitikisa, akasema hiki hakina neno. Mimi nikakaa."

Zikapita wiki tatu. Ikafika Jumapili moja, saa nne asubuhi, dada na mdogo wake wako nyumbani. Dirisha liko wazi. Bi Futi anachambua mchele, Kitinda amekaa kwenye stuli katikati ya chumba, anasimulia habari ya jirani yao aliyegombana na mumewe akamfungia nje na taulo. Kitinda ni mcheshi, basi dada mtu anacheka mpaka sinia linatikisika.

Katikati ya hadithi, mkono wa kushoto wa Kitinda ukaondoka pajani. Ukaenda nyuma taratibu. Vidole vikafunguka, vikafumba, mkono ukarudi pajani. Kitinda hakukatisha maneno.

Bi Futi akaacha kucheka. "Umechukua nini?"

"Nini?"

"Huko nyuma. Umechukua nini?"

"Sijachukua kitu, dada. Nyuma kuna nini?"

Nyuma kulikuwa na ukuta mbali kabisa, na kalenda. Kitinda akaendelea na hadithi yake ya taulo. Haikupita dakika, mkono ukaenda tena. Polepole, kwa adabu, kama wa mtu anayepokezwa kitu na mwingine aliyesimama nyuma yake. Vidole vikafunguka, vikafumba, vikarudi.

Bi Futi akaweka sinia chini. Aliwahi kumwambia mdogo wake baadaye kwamba siku ile aliogopa kuliko siku waliyofiwa na mama yao. Alitazama ile stuli. Ilikuwa stuli ya nyumbani, aliinunua mwenyewe sokoni. Kiti cha kiwandani kilikuwa kiwandani. Sasa kama kiti kimebaki kule, hiki kilichomfuata Kitinda mpaka chumbani ni nini?

Hapo ndipo alipoacha kuogopa kiti, wasikilizaji. Akaanza kuogopa kitu kingine, na hakukijua jina.

Jumatatu alikwenda kwa msimamizi, akamwomba rafu isogezwe mbele, ikae pembeni kama za wengine. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mstari. Akamjibu, "Rafu ikivuka mstari, wakaguzi wakija nitawaambia nini? Mstari ni mstari, Bi Futi."

"Basi mwondoe mdogo wangu pale."

"Nimweke nani? Wote wana ndugu."

Jibu hilo aliondoka nalo. Kwa sababu ni kweli, wote walikuwa na ndugu. Bega la Kitinda likipona, la mwenzake litakwenda. Akaona hakuna njia ya kumwokoa mdogo wake peke yake.

Jumamosi hiyo alivaa futi yake, akatoka. Alikwenda kwanza kwa Mama Pacha. Akamkuta sebuleni amekaa kwenye kochi, kichwa kimelala upande wa kushoto, mkono wa kushoto uko mapajani, kiganja kimeangalia juu. Wakaongea, wakanywa chai. Akaenda kwa Kicheko, mtaa wa pili. Akamkuta amekaa mlangoni, kichwa kimelala kushoto, kiganja kimeangalia juu. Akaenda kwa Mrefu, mwendo wa nusu saa. Mrefu alikuwa kwenye benchi la uani, akimsubiri mtoto atoke shule ya Jumamosi. Kichwa, kushoto. Kiganja, juu.

Wanawake watatu, nyumba tatu. Hawakuwa wakionana. Mmoja mfupi, mmoja wa wastani, mmoja mrefu kama mlingoti. Wote wamekaa mkao mmoja, kana kwamba wanapigwa picha na mpiga picha yuleyule. Pale uani kwa Mrefu palikuwa na dirisha la kioo, na Bi Futi alipoinua macho aliona wanawake wawili ndani ya kioo, vichwa vimelala upande mmoja. Ilimchukua muda kutambua kwamba mmoja wao ni yeye.

Akamwambia Mrefu, "Dada, fumba macho. Shona."

"Nishone nini? Sina cherehani."

"Shona tu. Na unieleze habari za mwanao."

Mrefu akafumba macho, akaanza kumsifia mwanawe, na mikono ikaanza kushona hewani. Ilipofika wakati wake, mkono wa kushoto ukaenda nyuma, ukijivuta, ukitetemeka kwa maumivu, ukasimama mahali. Bi Futi akaushika palepale. Akatoa futi. Kutoka mgongo wa benchi kwenda nyuma, inchi kumi na nne. Kutoka pa kukalia kwenda juu, inchi kumi na sita.

Akarudi kwa Kicheko, akarudi kwa Mama Pacha. Kumi na nne, kumi na sita. Kumi na nne, kumi na sita. Mfupi na mrefu, mkono ulisimama mahali pamoja. Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, akainama nyuma ya kiti kipya cha Kitinda na kupima mpaka kwenye rafu. Sina haja ya kuwatajia namba, mmeshaijua.

Alikuwa bado ameinama pale mtunza stoo alipopita. Akamwuliza, "Mzee, wewe umekaa hapa kuliko sisi sote. Huu mstari unazunguka nini?"

Mtunza stoo akasimama. Akautazama mstari kama mtu anayeuona mara ya kwanza. Kisha akakaa chini, sakafuni, na suruali yake safi.

"Maboksi," akasema.

"Maboksi gani?"

"Maboksi yangu ya vifungo. Paa la stoo lilikuwa linavuja, nikayahamishia hapa yasilowe. Siku hiyohiyo akaja fundi wa kupaka rangi ya mstari. Akaniambia niyasogeze, nikamwambia ni mazito, yazunguke. Akayazunguka. Paa lilipotengenezwa nikayarudisha stoo."

"Yalikaa siku ngapi hapa?"

"Tisa."

Siku tisa, wasikilizaji wapendwa. Maboksi yalikaa siku tisa. Mstari ulikaa miaka kumi na mmoja. Na kwa miaka hiyo yote, wanawake wanne, na wa tano akiwa ndiyo kwanza ameanza, walipinda miili yao kuyakwepa maboksi yasiyokuwepo. Hakuna aliyeuliza. Walibadilisha viti. Walibadilisha watu. Mstari hawakuugusa.

Bi Futi alipiga moyo konde, akaomba kuonana na meneja saa ya chakula cha mchana. Meneja akamkubalia shingo upande. Akategemea kumwona mtu mmoja. Wakaingia watano: Bi Futi, mtunza stoo, na wale watatu, ambao mmoja wao hakuwa amekanyaga kiwandani miaka saba. Bi Futi akawakalisha kwenye viti vitatu katikati ya ofisi, akawafunga macho kwa vitambaa vya kola.

"Shoneni," akawaambia. "Na wewe bosi, zungumza nao. Waulize chochote."

Meneja akacheka kidogo. "Hawa umewafundisha."

"Waulize, bosi."

Akamwuliza Mama Pacha pacha wake wako darasa la ngapi. Mama Pacha akajibu kwa kirefu, maana ukimgusa wanawe hana breki. Kicheko akaingilia, Mrefu akamtania, wote wakacheka. Mikono ilikuwa inashona hewani. Kisha, katikati ya kicheko, mikono mitatu ya kushoto ikaenda nyuma kwa pamoja. Vidole vikafunguka. Vikafumba. Ikarudi.

Meneja hakucheka tena. Alikuwa amesimama nyuma yao, na mtunza stoo anasema alirudi nyuma mpaka akafika ukutani ili mikono ile isimguse.

Lakini Bi Futi alikuwa hajamaliza. Alikuwa amemwagiza Kitinda aje saa saba na robo, bila kumwambia la nini. Mlango ukagongwa, Kitinda akaingia, akaona wanawake watatu wamefungwa macho wanashona hewa. Dada yake akamsogezea kiti, akamwambia, "Kaa, mdogo wangu. Mwambie bosi ile habari ya jirani na taulo."

Kitinda anasema hakuelewa kitu, ila dada akisema kaa, unakaa. Akakaa. Akaanza kusimulia, kwanza kwa aibu, halafu ikamnogea.

Mikono minne ikaenda nyuma.

"Mimi sikujua," Kitinda ametuambia. "Naapa sikujua. Nilimwona dada ananitazama mimi, hawatazami wale. Analia. Na mkono wake wa kulia umeukamata ule wa kushoto, ameubana, kama mtu amemshika mtoto asikimbilie barabarani. Ndipo nikageuza kichwa, nikaona mkono wangu uko nyuma."

Meneja alitoka ofisini. Walimsikia akimwita msimamizi. Kabla ya saa nane, rafu ya kumi na saba ilikuwa imesogezwa mbele, pembeni, mkono wa kushoto. Msimamizi mwenyewe, yule mtu wa mstari, alipiga magoti, akachukua kisu, akaikwangua ile rangi ya njano iliyopinda. Kitinda anasema hakuinua uso mpaka alipomaliza.

Mkono wa Kitinda haukuacha siku hiyo. Uliendelea kwenda nyuma miezi minne. Kila Jumapili Bi Futi alimkalisha kwenye ile stuli, akamwambia simulia, naye akakaa anahesabu. Mara thelathini. Mara kumi na tisa. Mara sita. Jumapili moja Kitinda akasimulia hadithi mpaka mwisho, mkono umetulia pajani kama mkono wa mtu yeyote. Bi Futi akainuka, akaenda kujifungia chumbani, akalia peke yake mpaka adhuhuri.

Mkono wake mwenyewe haukupona. Nalisema wazi, haukupona. Miaka ishirini na minne hakuweza kuuinua juu ya kifua. Kitambaa cha kichwa alifungwa na mdogo wake kila asubuhi. Lakini alizunguka na futi yake. Aliingia viwandani, jikoni kwa wapishi wa mahotelini, kwa mafundi viatu, kwa makarani wanaokaa na karatasi. Kampuni nyingine zilimwita, nyingine zilimfukuza. Hakuwa na shahada. Alikuwa akimwambia mtu, "Fumba macho, fanya kazi yako," kisha anapima pale mkono unaposimama. Waliomwona wanasema ilitisha kidogo, mikono inavyosema mambo ambayo mwenyewe hana habari nayo. Kisha anaagiza meza ipandishwe, au kiti kishushwe, au kapu lisogezwe karibu. Mambo madogomadogo. Watu wakarudi nyumbani na mabega yao.

Wiki hii nilikwenda kiwandani pale, kwa ajili ya kipindi hiki. Kumi na saba bado ipo. Rafu iko pembeni. Sakafu imepakwa rangi upya mara mbili, na mstari umenyooka kama uzi. Nilisimama saa nzima kwenye kona nikitazama watu wakipita. Wengi ni vijana, hawakuwa wamezaliwa siku mtunza stoo alipoyaweka maboksi yake. Wasikilizaji, niliwaona kwa macho yangu. Wakifika karibu na kumi na saba, wanakwepa. Kidogo tu, nusu hatua, begani hivi, kisha wanarudi njiani. Nilimsimamisha mmoja nikamwuliza anakwepa nini. Akanitazama kama nina kasoro. Kwa sasa Kitinda ndiye msimamizi wa ukumbi ule. Yeye ndiye niliyemwona akipita moja kwa moja, katikati kabisa.

Jumanne alikuwa nyumbani kwa dada yake kumfunga kitambaa, kama kila asubuhi. Alimkuta ameshalala usingizi wa mwisho kitandani. Moyo, daktari alisema. Wakaja majirani wanawake kumwandaa.

Nilimwuliza Kitinda kama angependa tuyaache haya. Akasema hapana, yasemeni. Mniruhusu basi nimpe yeye maneno.

"Tulimlaza vizuri, chali. Ule mkono wa kushoto ukawa unakwenda nyuma. Tunauweka kifuani, tukiuachia, unateleza, unarudi nyuma. Jirani mmoja akaogopa, akatoka. Mwingine akataka tuufunge kwa kitambaa. Nikasema msimfunge dada yangu. Nilikaa namwangalia. Nikawaza angekuwa yeye angefanyaje. Angesema, usiulazimishe mwili, sogeza kitu. Nikakunja khanga, nikaiingiza chini ya bega, inchi mbili tu. Nilipima na futi yake. Mkono ukapanda wenyewe kifuani, ukatulia. Ndiyo mara ya kwanza niliuona mkono wa dada yangu umepumzika."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Kitinda, kwa wanawe na wajukuu wa familia ile, kwa Mama Pacha, Kicheko na Mrefu, ambao walikuwepo mazishini wamekaa benchi moja, tunasema poleni sana. Poleni kwa msiba, na poleni kwa yale mabega. Mwenyezi Mungu ampokee, na ampe mahali pa kukaa panapomfaa.

Nanyi mnaonisikia, kesho mkifika kazini, kabla hamjakaa, simameni dakika moja. Tazameni kile mnachokizunguka kila siku. Muulizeni mwenzenu kiliwekwa na nani, na kwa ajili ya nini. Kama hakuna anayejua, kisogezeni.